Mkono wa Mafuta Umehamia Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Tajiri wa mikate amekuja mwenyewe leo. Hakuketi. Amesimama kibarazani na funguo za gari mkononi, akasema njia ya Baba Pacha ya kupeleka mikate bado anamtunzia, lakini hawezi kuitunza mpaka kiama. Wenye maduka wanalalamika, mikate inawafikia mchana. Basi Jumatatu ya tarehe 24, asubuhi, mume wangu aende pale kwenye tanuri, aendeshe pikipiki mbele ya macho yake na kreti la mikate nyuma. Akiweza, njia ni yake. Asipoweza atapewa mwingine, na tusilaumiane.

Baba Pacha akajibu "Nitakuja" kabla mwenzake hajafunga mdomo.

Utakuja na mkono upi, baba? Sikusema. Nilikuwa na pini mdomoni. Pini zimeokoa ndoa hii mara nyingi.

Tangu kiharusi kimwangushe, mguu umerudi. Ulimi umerudi — na umerudi na nyongeza! Mkono wa kulia ndio umegoma. Unafunga nusu tu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Kikombe unadondosha. Vifungo vya shati namfunga mimi, yeye anatazama dari. Na kwenye pikipiki mkono wa kulia ndio unaovuta mafuta. Ndiyo sababu ile pikipiki imekaa chini ya turubai ikinikodolea macho kila nikienda kuanika nguo. Naiita mke mwenza. Miaka yote imepata muda wake mwingi kuliko mimi.

Tajiri alipoondoka Baba Pacha akanifuata kwenye cherehani. Anasema kapata dawa. Kama mkono hauwezi kuyafuata mafuta, basi mafuta yaufuate mkono. Auhamishe mkono wa mafuta uende kushoto! Pikipiki yenyewe haina klachi, kwa hiyo mkono wa kushoto umekula bure miaka yote, sasa ufanye kazi.

Nikamwambia ana kichaa. Nikamwambia pia nitashika spana.


Jumanne, 4 Machi

Kazi ya siku nzima uani. Yeye kichwa, mimi mkono. "Legeza hapo. Siyo hapo, Mama Pacha, hapo! Polepole, hiyo ni skrubu, siyo kuku." Nimemwambia akiendelea hivyo atafungua kwa meno.

Tumechomoa mkono wa mafuta kulia, tumeuvika kushoto. Breki ya mkono nayo imehamia huko huko. Kulia pamebaki kishikio kitupu, cha kupumzishia mkono wake. Nina grisi mpaka masikioni. Gauni la mteja sikuligusa.

Saa ya kuwasha! Akapanda, miguu chini, mimi nimeshika kiti nyuma kana kwamba ningeweza kuizuia. Akavuta mafuta kwake kama kawaida. Kimya. Akausukuma mkono mbele — ikanguruma mpaka njiwa wa jirani wakaruka.

Imegeuka. Ukivuta inapoa, ukisukuma inapanda. Tumekodoleana macho. Halafu nikaelewa, maana ni jambo la ushonaji: ukichukua mkono wa gauni wa kulia ukaushona kushoto, lazima uugeuze, na ukiugeuza kwapa linakaa kinyume. Nikamweleza. Akasema hilo gauni lina injini, likikaa kinyume linaua mtu.

Kesho kuita fundi.


Jumatano, 5 Machi

Fundi wa pikipiki tunamwita Ngoja, maana ndilo neno lake. Ukimwuliza kitu: "Ngoja." Ukimpa chai: "Ngoja." Nasikia hata siku ya harusi yake alijibu hivyo, sheikh akafunga kitabu.

Kaangalia kazi yetu kwa muda mrefu. Hakucheka. Kasema mtu akipata ajali kwa kusukuma badala ya kuvuta, hatakuwa na muda wa kukumbuka. Mwili unafanya uliyoyazoea. Akachonga njia mpya ya waya upande wa pili wa kile kikombe cha waya kinachozunguka pamoja na mkono wa mafuta, ili waya uvutwe kutoka huko. Sasa kuvuta ni kuvuta.

Baba Pacha kazunguka uani mara moja, polepole, miguu inagusa chini kama bata. Kidevu kimetetemeka kidogo. Nikajifanya naokota uzi.


Ijumaa, 7 Machi

Tatizo jipya. Akinyoosha usukani, safi. Akikata kulia, injini inapanda yenyewe! Hajagusa mafuta.

Tumekaa chini wote wawili tukitazama kama watoto wanaochungulia shimo la panya. Yeye ndiye kaona. Waya ni ule ule wa zamani, na sasa unatoka mbali zaidi. Usukani ukikata kulia, upande wa kushoto unakwenda mbele, waya unavutika, mafuta yanafunguka. Ni sawa na nguo ya kubana: ukisimama inakaa vizuri, ukiinua mkono pindo linapanda magotini.

Ngoja kaleta waya mrefu wa pikipiki kubwa, akaupitisha nyuma ya taa bila kuukunja. Sasa unaweza kukata kulia, kushoto, inatulia tu.

Pacha Mkubwa kapiga simu. Kasikia habari kutoka kwa mdogo wake. (Mdogo kwa dakika chache tu, lakini huyu Mkubwa anaudai ukubwa wake mpaka leo.) Anasema tumepoteza akili, baba yake amwambie anataka kufa kwa nini. Nikampa simu baba yake. Akamwambia, "Mwanangu, mimi sitaki kufa. Nataka kupeleka mikate." Akanirudishia.


Jumamosi, 8 Machi

Nimeshona!

Shida ilikuwa mkono wa kulia. Hata kupumzika pale kwenye kishikio hauwezi, unateleza, unaanguka pajani, naye anayumba. Kwa hiyo nimetoa kile kitambaa kizito cha viti, nyuma nikaweka laini, nikashona mfuko wa kuvika kishikio, wenye kamba pana ya kuushika mkono juu yake. Vishikizo vya kubana, ili auvue na kuuvaa peke yake. Na pindo la mara mbili, lile langu ambalo wateja hulifuata kutoka mbali. Pindo langu halifumuki.

Na bila shaka nikashona wa pili, wa kushoto. Kwangu kitu hakitoki kimoja. Miaka yote ya kulea mapacha — ukimpa huyu kofia bila huyu, nyumba haikaliki. Mkono umezoea. Ukinipa agizo la mto mmoja nakata miwili.

Nikaivika pikipiki yote miwili. Mke mwenza kavaa glavu! Baba Pacha akatoka kuoga, akasimama mlangoni na taulo kiunoni. Nikamshika ule mkono mbovu, nikauweka, nikafunga kamba. Ukakaa. Akautikisa usukani. Ukakaa bado! Akasema, kwa sauti ya chini, "Umekaa, Mama Pacha." Akapiga honi na taulo ile ile, jirani akachungulia, taulo ikaanguka...

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Naandika kwa sababu nimejishangaa. Nilikuwa nimeusahau huo mlio.


Jumapili, 9 Machi

Ametoka mpaka kona, akarudi. Peke yake. Mimi nimesimama getini, mikono imeshika kanga kifuani. Nampenda mtu huyu. Sijui kwa nini inanibidi niandike ndipo niseme.


Jumatatu, 10 Machi

Mafuta yananasa.

Anaachia mkono, injini haishuki. Inabaki juu inalia vile vile, mpaka aurudishe mkono kwa nguvu. Siyo kila mara, ndiyo ubaya wake. Mara tatu nzuri, ya nne inanasa.

Kaniambia haogopi. Akaingia ndani kunawa, kanawa muda mrefu sana.


Jumatano, 12 Machi

Kapeleka pikipiki kwa Ngoja, polepole, pembeni ya barabara. Karudi mchana. Eti kule ilikuwa nzuri kabisa. Ngoja kaivuta na kuiachia, inashuka kila mara, tap! Hakuona kitu. Akasafisha kabureta ili asirudishe mgonjwa bila dawa.

Jioni hapa uani: imenasa tena.

Nikamwambia pikipiki ina tabia ya watoto, mbele ya daktari hawaumwi. Hakucheka. Akanitazama tu, akasema pilau ya jana ilikuwa nzuri. Jana tulikula ugali.


Alhamisi, 13 Machi

Leo mimi nimekuwa fundi. Nimechukua mafuta ya cherehani, yale mepesi, nikayadondosha kwenye waya tone kwa tone mpaka yakatokea chini. Waya unateleza vizuri. Ngoja kaja akabadilisha springi ya ndani ya kabureta, ngumu zaidi. Baba Pacha mwenyewe ndiye alimtolea pikipiki uani, kila kitu kikiwa wazi, mimi nilikuwa na mteja ndani. Wakajaribu. Nzuri! Nikasikia hata kutoka ndani: juu, chini, juu, chini.

Fundi kaondoka. Nikatoka, nikakuta glavu za mke mwenza zimekaa mahali pake, nikamwambia nionyeshe na mimi. Akavuta. Akaachia.

Haikushuka.

Kaniambia, labda ni mimi ninayeitia mkosi. Akanibusu kichwani, akaingia ndani.


Ijumaa, 14 Machi

Muuza ndala wa pale kona kaja kupunguziwa sketi. Akawa anazunguka maneno, mara jua kali, mara bei ya sukari. Halafu kasema: Mama Pacha, usinichukulie vibaya. Mumeo juzi, akitoka kwa fundi, kasimama pale kwenye kivuli changu. Nikamwona anang'ata usukani.

Anang'ata nini?

Usukani wa pikipiki. Kwa meno. Kainama, kaung'ang'ania, anavuta na kichwa kama mbuzi.

Nimemwambia labda alikuwa anafunga kitu. Nimecheka. Alipoondoka nikakaa. Daktari alisema kiharusi kinaweza kurudi kwa njia ya ajabu, mtu akafanya mambo asiyojua. Nimemtazama akila leo usiku. Anakula vizuri. Kaniuliza mbona namtazama. Nikasema una punje ya wali kwenye ndevu.

Hakuwa nayo.


Jumamosi, 15 Machi

Mwandiko umepinda, usomeke hivyo hivyo.

Asubuhi nilikuwa naanika mashati ya kwaya, kazi ya wiki nzima, meupe. Akaja akasema anifurahishe, nimwone anavyokata kona uani. Akavika glavu zake, zote mbili, vizuri, akanyoosha kamba. Akazunguka mara moja. Ya pili akaja upande wangu, akaachia mafuta ili apunguze —

Haikushuka. Nikaona uso wake. Swichi ya kuzimia iko kulia, na kulia hakuna mkono. Akakanyaga breki, mguu ukateleza, akapita katikati ya kamba, mashati yote yakamfuata, akaenda kuishia kwenye matofali ya bafu. Nilidhani nimemwona mtu akifa amevaa mashati ya kwaya.

Goti limechubuka. Paji la uso limechubuka. Basi. Nikaikimbilia ile swichi, nikazima, nikampiga begani kwa ngumi, halafu nikamkumbatia na mashati yake. Anasema samahani. Anasema samahani kwa mashati!


Jumapili, 16 Machi

Mapacha wamepiga wote wawili, simu moja. Sasa wanaongea sauti moja, kama walivyokuwa wakilia. Mama, iuzwe. Mama, wewe ndiye wa kusema, hatatusikia sisi.

Na mimi nimeamua. Sitaki mikate. Nitashona usiku na mchana, tutakula tulichonacho, lakini awe hai, anichoshe na maneno yake hapa kibarazani. Nimemwambia wakati wa chakula. Nikamwambia kesho kutwa nitamwona Ngoja atafute mnunuzi, halafu nitapita kwa tajiri kumwambia ampe njia mtu mwingine.

Nilitegemea ugomvi. Haukuja. Akatazama ule mkono wa kulia uliolala mezani, akausogeza kwa mkono wa kushoto, akauweka pajani. Kama mtu anayemwondoa mtoto mezani.

"Kama wewe unaona hivyo," akasema.

Ningependa angepiga kelele.


Jumanne, 18 Machi

Nitaandika taratibu ili nielewe mwenyewe.

Nimekwenda kwa Ngoja. Kavua miwani, kanipa kiti. Nikamwambia tunauza. Uso wake ukasawijika. Kasema haielewi hiyo pikipiki, haijawahi kumnasia hata mara moja. Kaijaribu mara ngapi, mbio na taratibu, usukani kulia na kushoto. Inashuka. Akasema, mama, mafundi wengine wangekwambia ni jini. Mimi nasema kuna kitu kipo kwenu ambacho kwangu hakipo.

Nikasema kwetu kuna nini? Mimi, kuku wawili na cherehani. Labda ivuliwe hata ile mifuko niliyoshona, uiangalie ikiwa tupu kabisa.

Kasema: "Mifuko gani?"

Ile ya mikononi, fundi. Ya kitambaa cha viti. Yenye kamba.

Kanitazama. "Ngoja," kasema. Halafu kasema hajawahi kuiona pikipiki ile na mfuko wowote. Kila ikija kwake inakuja vishikio vitupu. Hata siku aliyobadilisha springi pale uani kwetu, vilikuwa vitupu.

Nikavuta kiti karibu. Akachukua karatasi akanichorea, lakini nilikuwa nimeshaelewa kabla kalamu haijagusa. Kishikio cha kulia hakizunguki, ukikivika nguo hakuna neno. Cha kushoto kinazunguka, na ukingo wake unapakana na kile kikombe cha waya. Kitambaa kikisogea ndani kidogo, na kila akivuta kinasogea, kinajibana pale katikati. Springi inavuta, kitambaa kinazuia. Kitambaa kinene. Chenye pindo.

Pindo la mara mbili. Halifumuki.

Na kule kwenye kona hakuwa anang'ata usukani. Alikuwa anaurudisha mfuko wangu mahali pake. Kwa mkono mmoja na meno, kabla hajafika nyumbani.

Nimetoka pale sikupita kwa tajiri. Nimetembea tu. Nimepita soko lote bila kununua hata kitunguu.


Jumatano, 19 Machi

Jana nilishindwa kusema. Leo asubuhi nimekwenda uani kabla hajaamka. Nikawasha mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Nikavuta, nikaachia: imenasa. Nikauvua mfuko wa kushoto. Nikavuta, nikaachia: tap! Nikauvika. Imenasa. Nikauvua. Tap.

Nilipogeuka alikuwa mlangoni, shati halijafungwa.

Nikamwuliza umejua tangu lini. Akasema tangu ile Jumatatu ilipoanza kunasa; kwa fundi alikuwa anaivua yote miwili asije akaulizwa.

Hapo nikalipuka. Sikumbuki yote. Nilimwambia mficha uchi hazai. Nilimwambia ungekufa! Ungekufa kwa adabu, nikuzike, niwaambie watoto baba yenu kauawa na pindo! Kwa nini hukusema tu, Mama Pacha, huu wa kushoto haufai? Maneno mawili! Mtu anayeweza kuniambia wali wangu umeungua mbele ya mashemeji zangu!

Akaningoja niishiwe. Akasema, "Ulicheka."

Nini?

"Siku ile ya taulo. Tangu nianguke ulikuwa hujacheka hata mara moja. Ulikuwa unanihudumia vizuri, unanifunga vifungo, huchoki. Lakini ulikuwa hucheki. Nikasema huu mfuko ndio umemrudisha mke wangu, mimi niuvue?"

Akasema mpango wake ulikuwa Jumatatu auvue pale kona, kama siku zote, aende kwa tajiri bila mfuko wa kushoto, akirudi auvae. Nikamwuliza, na kila siku utang'ata usukani hadi uzeeke? Akasema meno bado anayo.

Nilimfunga vifungo nikilia. Nimekosea kimoja, shati likakaa upande. Hakuniambia. Mpaka mchana kazunguka na shati upande! Nimemwambia nikikukuta tena unanificha kitu kwa huruma, nitakushonea mdomo, na pindo la mara mbili.

Kacheka. Na mimi.


Alhamisi, 20 Machi

Nimekaa na mkasi. Nilitaka kuukata ule wa kushoto uwe mfupi, usifike kwenye kikombe. Baba Pacha kasema hapana. Mkono wa kushoto ni mzima, hauhitaji nguo. Mwache atembee kifua wazi.

Ni kweli. Nilijua ni kweli. Lakini mkono wangu ulikataa kuuacha mmoja bila mwenzake. Nimemweleza, akasema mapacha wenyewe siku hizi mmoja yuko huku na mwingine kule, na wote wanakula.

Basi nimefumua lile pindo, nikautupa mfuko kwenye kapu la vipande. Wa kulia umebaki, na kamba nimeiongezea upana.

Ngoja kaja kuona. Kavuta, kaachia, kavuta, kaachia. Kaangalia kamba ya kulia kwa ndani na nje. Akaniuliza kama naweza kumshonea na yeye, goti lake la kushoto linalia kwa baridi. Nikamjibu: "Ngoja."


Jumamosi, 22 Machi

Amekwenda hadi daraja na kurudi, amefunga kreti tupu nyuma. Haikunasa hata mara moja. Amerudi akinuka petroli na jasho, zamani nilikuwa namfukuza aende akaoge.

Mapacha nimewaambia. Pacha Mkubwa kasema, "Na wewe mama utapanda?" Nikamwambia sufuria linaungua. Tangu baba yake aanguke sijapanda. Kabla ya hapo kila Ijumaa alikuwa ananichukua sokoni. Nilikuwa nashika kile chuma cha nyuma ya kiti, sikuwa napenda kumshika yeye mbele za watu. Chuma kile kilikuwa kinanichubua vidole, kila Ijumaa nikilalamika.

Sasa kila nikifumba macho naona mashati ya kwaya.


Jumatatu, 24 Machi

Naandika nimesimama.

Kaamka mapema, kanyoa. Shati la bluu. Nimefunga vifungo vyote, nimehesabu mara mbili. Kanywa chai. Kasema, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba angependa niende naye.

Nikasema nina wateja. Nikasema kreti ndilo litakalopanda, mimi nitakaa wapi? Akasema kreti liko kule kwenye tanuri, linangoja. Kutoka hapa mpaka kule kiti ni kitupu. Halafu akasema, bila hasira, "Kama wewe huniamini, tajiri ataniaminije?" Akatoka.

Nimebaki hapa na kikombe.

Nikaenda kwenye kapu la vipande nitafute kitambaa cha kufutia vumbi la kiti, tu kiti, sikuwa nimeamua lolote. Ule mfuko wa kushoto haumo. Nimepekua mpaka chini.

Nimechungulia dirishani. Ameshawasha. Mkono wa kulia umekaa juu ya mfuko wake, kamba imefungwa. Mkono wa kushoto mtupu. Na nyuma ya kiti, kwenye kile chuma cha kushikia abiria, kuna kitambaa kizito cha viti, kimezungushwa na kufungwa upande, vibaya, kwa vishikizo viwili tu. Alama za meno ninaziona kutoka hapa, au najidanganya.

Amenifungia mimi.

Nasikiliza injini. Anavuta, inapanda. Anaachia, inashuka. Anavuta. Anaachia. Ananionyesha. Inashuka kila mara.

Kapiga honi. Ya kwanza. Mteja wa kwanza amefika, sketi mkononi, amesimama getini anatutazama.

Honi ya pili. Mlango wa chumba cha cherehani sijafunga. Sijamjibu bado. Helmeti imenibana masikio, viatu nimeshavaa, na —